Ndoo ya Tope Mlangoni kwa Bibi

Mwezi uliopita fundi wangu aliniona nimerukwa na akili, wala simlaumu. Alikuwa amemaliza kuezeka nyumba yangu ya kustaafia hapa Bugomora, kwenye kibanja kile kile cha bibi yangu, akaniuliza swali la kawaida kabisa: maji ya paa tuyaelekeze wapi, mama? Jibu alikuwa nalo mwenyewe. Gata zipite ukingoni mwa paa, bomba lishuke kwenye kona ya chini, limwage maji nje ya ua, na yakishatoka nje yatajijua. Nilimwambia asifunge bomba wala asichimbe popote mpaka mvua inyeshe. Aliitikia kwa heshima, akarudi kwenye msumeno wake na mbao.

Siku ya tatu mvua ikaja, ile yetu inayoanza na upepo wa kugeuza majani ya migomba tumbo juu. Nikachukua gunia tupu la mbolea, nikasukuma kona yake moja ndani ya nyingine likawa kofia ndefu ya kufunika kichwa na mgongo, nikakusanya vijiti vyangu nilivyokwisha kuchonga, nikatoka. Fundi alibaki barazani na kikombe cha chai, akiniangalia nikizunguka nyumba taratibu, nikiinama, nikisimika kijiti, nikiyafuata maji yanakoelekea. Mwanamke wa miaka sitini na ushee, mvua inamchapa, na nyumba nzuri yenye paa ipo nyuma yake.

"Mama, utaugua," akasema.

Nikamwambia aniache kwanza, nayasoma maji. Na wewe unayesoma haya, sogea nikusimulie nilikojifunzia kusoma huko, maana si shuleni.

Nililelewa na bibi, mama yake baba. Nyumba yake ilikuwa hapa juu, chini yake kibanja, yaani migomba na mibuni imepandwa pamoja ikishuka na mteremko, na chini kabisa ya kibanja palikuwa na chemchemi tuliyoiita iziba. Nyumba zote za bonde letu zilichota hapo. Maji yalitoka kati ya mawe mawili, baridi hata saa nane mchana, yakajaa kwenye kidimbwi kisafi, kisha yakaondoka kama kijito chembamba kupitia kwenye matete kwenda kuutafuta mto Kagera. Kila asubuhi kabla ya shule nilishuka na ndoo yangu, nikachota, nikalaza kipande cha jani la mgomba juu ya maji yasirukeruke, nikapanda nayo kichwani huku umande wa migomba ukinilowesha mabega. Mpaka leo nikisikia harufu ya nyasi zinazooza taratibu chini ya migomba, naona njaa. Ni kwa sababu harufu ile ilikuja pamoja na ya ndizi na maharage vinavyoiva jikoni, vimefunikwa majani, na bibi akipuliza moto kwa mdomo kwa sababu aliamini moto unaopepewa kwa mfuniko unapika vibaya.

Bibi alikuwa mfupi, mkali, na mcheshi kwa wakati anaoutaka yeye. Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Msemo huo akiusikia kwa wageni wa mjini alikuwa akicheka kabisa, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akiyazoa. Nyasi alizokata huko rweya, kwenye uwanda wa wazi juu ya kilima, alizitandaza kibanjani unene wa kiganja kilichosimama. Mgomba ukishakatwa mkungu, shina lake alilipasua katikati akalilaza kukatisha mteremko, tumbo likitazama juu. Alisema mvua ni mgeni, na mgeni hukaribishwa akaketi. "Mgeni akipita uani kwako mbio," alikuwa akisema, "ujue kuna kitu amebeba."

Sasa kulikuwa na desturi moja kwenye iziba letu, sijui kama kuna bonde jingine lililokuwa nayo. Mvua kubwa ikinyesha na kesho yake kidimbwi kikakutwa chekundu, wanawake hawakugombana. Walitazama ni upande gani uzi wa maji mekundu unaingilia, wakaufuata kupanda mlima, mgomba kwa mgomba, mpaka wakajua umetoka kwa nani. Kisha mmoja wao alichota ndoo ya yale maji ya tope, akaibeba mpaka mlangoni kwa mwenye kibanja, akasalimia vizuri, akaitua. Alisema maneno manne tu: tumekuja kukurudishia udongo wako. Akaaga akaondoka. Mwenye nyumba hakuruhusiwa kuimwaga. Iliachwa hapo mlangoni mpaka maji yatulie na tope lishuke chini, ili kila mpita njia aone, na yeye mwenyewe aone kwa macho yake ni udongo kiasi gani umemtoroka. Watu walisema ndoo moja ni bahati mbaya, ya pili ni tabia.

Aliyewaongoza wanawake kuufuata uzi alikuwa bibi yangu. Wenzake ndio waliomchagua kulitunza iziba, na kazi hiyo aliipenda kuliko alivyoonyesha. Miaka yote hiyo, mlangoni kwake haikuwahi kutua ndoo.

Basi mwaka ule baba mdogo, mtoto wa mwisho wa bibi, akaleta bati. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na kuezeka bati siku hizo ilikuwa habari ya kilima kizima. Mafundi walikuja, nyasi za zamani zikashushwa, na jioni moja paa letu likawa linameta hadi kijiji cha ng'ambo. Baba mdogo akatangaza kwamba Jumapili baada ya ibada watu waje walitazame, kutakuwa na rubisi, pombe yetu ya ndizi, na chakula cha kutosha. Katikati ya wiki bibi akaitwa msibani Rugu, akaondoka akituachia maagizo marefu: mbuzi, kuku, mbegu za maharage, nani alale wapi. Hakuacha agizo lolote kuhusu nyasi, maana hakuwaza kama kuna mtu anaweza kuzigusa.

Mimi nilikuwa na miaka kama kumi, na sifa yangu ilikuwa ufagio. Shuleni mwalimu alinifanya mfano wa kufagia: uwanja wangu haukuwa na jani, na michirizi ya ufagio ilipangana kama nywele zilizosukwa. Jumamosi ile nikafagia uwanja wa nyumba mpya mpaka ukang'aa. Nikarudi nyuma nikautazama. Nikaona pale uwanja unapoishia na migomba inapoanzia kumekaa ovyo, nyasi zimetokeza, shina lililopasuliwa limeoza nusu, na wageni wanakuja. Basi nikaendelea. Nikazikusanya nyasi za mstari wa kwanza wa migomba, kisha wa pili, nikayakokota yale mashina pembeni, nikafagia udongo mtupu chini ya migomba mpaka mizizi ikaonekana. Nikafika mstari wa tatu jua likazama. Nilijivuna kupita kiasi. Baba mdogo akapita akaniambia nimefanya kazi ya watu wawili.

Jumapili mvua ilitukuta katikati ya sherehe. Wageni walikimbilia ndani wakicheka, kwa sababu ilikuwa mara yao ya kwanza kuisikia mvua juu ya bati la nyumba yetu, kelele mpaka mtu hasikii anachoambiwa na aliye karibu naye. Kwenye paa la nyasi mvua ilikuwa inanyonywa kwanza, kisha inadondoka polepole kuzunguka nyumba yote. Bati halikuwa na subira hiyo. Maji yalishuka kwa pamoja, yakapiga uwanja niliousafisha, hayakukuta hata jani la kuyashika, yakakimbia. Nilisimama dirishani nikiwa na sahani mkononi. Nikayaona yanaingia mstari wa kwanza wa migomba, kisha wa pili, na rangi yake inabadilika. Nilijua, ingawa nilikuwa mtoto. Nilikula ndizi zangu na sikusikia ladha.

Bibi alirudi Jumatatu asubuhi na mapema. Hata mzigo hajatua vizuri, jirani yetu akaingia uani. Huyu alikuwa mama mrefu, mpole, kila mtu akimwita Mama wa Ng'ambo kwa sababu nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa bonde, na ndiye aliyekuwa rafiki yake bibi hasa. Kichwani alikuwa na ndoo.

"Waitu, ndugu zangu, mmeamkaje hapa," akasema.

"Tumeamka salama, habari za ng'ambo?"

"Nzuri." Akaitua ndoo kando ya mlango, taratibu kabisa, isimwagike. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Tumekuja kukurudishia udongo wako."

Bibi akasema asante. Mama wa Ng'ambo akaaga. Nilimtazama bibi nikingojea afoke, akaingia ndani kubadili khanga ya msibani.

Siku tatu ndoo ile ilikaa mlangoni. Sijui kama umewahi kuona aibu kwa niaba ya mtu unayempenda na huku mwenye kosa ni wewe. Ni mbaya kuliko fimbo. Mwinjilisti alikuja kutoa pole ya msiba, akaiona, akatazama juu. Wanawake walipita, wakasalimia, wakaiona. Na mimi kila asubuhi nilitakiwa kufagia mlangoni, hivyo nilifagia kuizunguka, na kila asubuhi maji ya juu yalikuwa meupe zaidi na tope la chini linaonekana zaidi, jeusi, zuri, udongo wa juu wenyewe. Ulifika karibu robo ya ndoo. Na hiyo ilikuwa ndoo moja tu iliyochotwa kutoka kwenye maji yaliyopita mchana mzima.

Siku ya tatu jioni nilimkuta bibi akimenya ndizi. Nikachutama mbele yake, nikasema kwa haraka kabla sijabadili mawazo.

"Bibi, nyasi nilizitoa mimi."

Hakuacha kumenya. "Najua. Mifagio ya nyumba hii yote huchora kwenda kulia, isipokuwa mmoja."

Mimi ni wa mkono wa kushoto. Michirizi yangu, fahari yangu, iliyosalia chini ya migomba ambako maji hayakupita, ilikuwa imenitangaza tangu dakika aliyoingia uani.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Kwamba nina mjukuu?" Akatupa ndizi kwenye sufuria. "Ndoo haikuletwa kwako. Imeletwa kwa mwenye nyumba. Bati ni langu, na mimi ndiye niliyepandisha paa jipya juu ya mifereji ya zamani." Ndipo akaniangalia. "Lakini ya pili haiji hapa, mwana wange. Ikija ya pili, iziba walichukue, na watakuwa na haki."

Nilielewa vizuri kilichokuwa kinatungojea. Vuli ilikuwa ndiyo kwanza inakolea. Mvua kubwa nyingine ingeweza kuja kesho, na sisi tulikuwa na bati juu na udongo uchi chini.

Nilidhani tutaanza kuchimba asubuhi. Bibi akakataa. Alirudisha nyasi kwanza, hilo ndilo tulilofanya siku nzima, mimi nikibeba na yeye akitandaza. Lakini mitaro alisema hachimbi kwa kubahatisha, kwa sababu bati limebadilisha njia zote, na njia ya maji huulizwa maji yenyewe. Baba mdogo alinuna, alikuwa tayari na jembe na nguvu za ujana. Bibi akamwambia mtu akichimba siku ya jua anachimba anapopenda yeye. Tukangoja mvua ndogo, tukiomba isije kwanza kubwa.

Ilikuja Ijumaa mchana, ya wastani. Bibi akanivisha gunia, naye akavaa lake, akanishika mkono tukatoka wakati kuku wanakimbilia ndani. Tulisimama pembe ya nyumba. "Tazama yanapoangukia," akasema, na nikachomeka kijiti. "Tazama yanapokutana na wenzake." Kijiti. "Hapa yameanza kukimbia, unaona povu?" Kijiti. Tuliyafuata hivyo hatua kwa hatua kuteremka kibanja, na kila yalipoanza kufanya haraka tuliweka alama. Nilikuwa nimelowa, nimejaa tope mpaka magotini, na nilifurahi kama sijawahi. Sikuwa nimewahi kuona mvua inafanya nini ikishafika chini. Watu wote wa dunia, nilidhani, wanaangalia mvua kutokea mlangoni, na mimi na bibi tu ndio tunaoijua.

Mvua ilipokatika tukachimba, watatu, Jumamosi yote. Chini ya ukingo wa paa, mstari wa mawe ili maji yasitoboe. Kwenye kona ya chini bibi alitaka pipa, na baba mdogo akakunja kipande cha bati kilichobaki kikawa gata ya kuyaleta maji ndani. Pipa likijaa, linamwagia kwenye shimo lililojazwa nyasi. Shimo likijaa, linamwagia kwenye mtaro unaokwenda kando ya mlima, karibu tambarare, mpaka shimo la pili, na kutoka hapo mtaro mwingine unarudi upande wa pili. Ukingo wa chini wa kila mtaro tulipanda mchaichai. Bibi alipima ulalo kwa kumimina kibuyu cha maji na kuyaangalia. Yakikimbia, anatuambia tuchimbe upya. Tulichimba upya mara tatu. Baba mdogo aliacha kununa kwenye mara ya pili, maana aliona mwenyewe. Tope la kwenye ndoo bibi alinipa mimi, nikalibeba mpaka mgomba wa mstari wa kwanza ambao nilikuwa nimeuvua nguo, nikalimwaga shinani, nikalifunika kwa nyasi.

Mvua kubwa ilikuja siku chache baadaye, ikanyesha tangu alfajiri hadi jua kuzama. Bati lilipiga kelele siku nzima. Kulipopambazuka tukashuka pamoja, yeye mbele. Mama wa Ng'ambo alikuwa amekwisha kufika, ameinama juu ya kidimbwi na ndoo tupu mkononi. Nikatazama maji. Niliona mawe mawili, na mchanga wa chini, na jani moja la mbuni linazunguka polepole.

Mama wa Ng'ambo akachota, akajitwika. Alipotupita akamgusa bibi begani.

"Leo nimechota ya kunywa," akasema.

Bibi alitunza iziba mpaka miguu yake ilipokataa mteremko. Ule mgomba ulizaa mkungu uliohitaji watu wawili kuubeba, na alitutuma mimi na baba mdogo tuupeleke ng'ambo wote.

Bibi na Mama wa Ng'ambo wametangulia wote wawili sasa, na baba mdogo pia. Kijijini yameletwa maji ya bomba, nami nashukuru, kwa sababu shingo yangu bado inaikumbuka ile ndoo. Lakini bomba lilipokuja, watu waliacha kushuka. Njia ya kwenda kwenye iziba imemezwa na magugu, na matete yameingia kidimbwini. Likichafuka hakuna anayeona, na asiyeona hatafuata uzi. Ninachokumbuka kwa uchungu zaidi ni ule mkono wa Mama wa Ng'ambo ukiitua ndoo mlangoni bila kumwaga, mtu anayekupenda kiasi cha kukuletea aibu yako mwenyewe na kukuamkia vizuri. Siku hizi jirani akikerwa anatuma ujumbe kwenye kundi la simu.

Mitaro yangu mipya fundi ameshaichimba, kwa kufuata vijiti. Mwishowe naye alivaa gunia, nikamwona anatabasamu peke yake nyuma ya nyumba. Na baada ya mvua ya wiki iliyopita nilikata magugu nikashuka kulitazama iziba. Upande wangu ulikuwa safi. Kutokea upande wa kulia ulikuwa unaingia uzi mwekundu.

Niliufuata kupanda. Ulinifikisha kwenye geti jeusi la kijana mmoja, mwenyeji wa Muleba, ananunua maharage Nkwenda, amejenga vizuri na uwanja wake wote ameumwagia kifusi chekundu na kuushindilia. Sikuwaza mara mbili. Nilirudi chini, nikachota ndoo ya tope, nikaipandisha kilima kichwani, nikipumzika mara nne. Akafungua geti.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba baba." Nikaitua karibu na mlango wake, isimwagike. "Nimekuja kukurudishia udongo wako."

Akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Ni kijana mwenye adabu. "Tunashukuru sana, mama, umejisumbua," akasema. "Lakini sisi tunayo ya bomba."

Sikumcheka. Nilimwomba viti viwili, akavileta, tukaketi ndoo ikiwa katikati yetu, na nikamweleza yote haya niliyokueleza wewe. Mke wake alileta chai, tukanywa. Ilichukua muda. Tope lilipoanza kushuka alikunja shati, akatia mkono mpaka chini, akatoa kiganja cha udongo mweusi uliochanganyika na vipande vidogo vyekundu vya kifusi chake. Akavigeuzageuza kwa kidole gumba. Akautazama uwanja wake, kisha mteremko.

"Mama," akasema, "mvua ikinyesha tena, utakuja?"

Nikamwambia nitakuja, ila atafute gunia lake mwenyewe.